Alexander von Humboldt: Mtu aliyetafuta sababu ya ziwa kukauka

Mwanzoni mwa mwaka 1800, wakulima wa bonde la Aragua, katika nchi ambayo leo ni Venezuela, walikuwa wakiulizana maji ya ziwa lao yanakwenda wapi. Ziwa Valencia lilikuwa likirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Vilivyokuwa visiwa vilikuwa vimeungana na nchi kavu, na watu walikuwa wakilima mahali ambapo wazee wao walipita kwa mitumbwi. Wengi waliamini kwamba chini ya ziwa kuna tundu linalonyonya maji.

Mgeni mmoja mwenye umri wa miaka 30, aliyetoka Berlin, alikaa katika bonde hilo, akapima, akauliza maswali, kisha akafikia jibu jingine. Hakukuwa na tundu. Maji yalikuwa yakipungua kwa sababu ya mambo ambayo watu walikuwa wakiyafanya milimani na kando ya mito.

Mgeni huyo ni Alexander von Humboldt. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, kwa sababu mengi ambayo leo mnayasikia katika vipindi vyetu kuhusu mazingira, kama vile tabianchi, mfumo ikolojia na mzunguko wa maji, yanaeleweka kwa urahisi zaidi tukimfuata mtu huyu hatua kwa hatua.

Mtoto aliyependa mimea na wadudu

Humboldt alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769. Wakati huo mji huo ulikuwa katika ufalme wa Prussia, ambao baadaye ukawa sehemu ya Ujerumani. Familia yake ilikuwa na mali. Baba yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka 9. Mama yake aliwalea yeye na kaka yake Wilhelm kwa ukali, akawaajiri walimu wa kuwafundisha nyumbani. Wilhelm alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa lugha. Alexander yeye alipenda kuzurura porini, akirudi na mifuko iliyojaa majani, mawe na wadudu.

Mama alitaka mwanawe awe mtumishi wa serikali, naye akatii. Alisomea madini katika chuo cha Freiberg, na mwaka 1792 akawa mkaguzi wa migodi. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili yaliyomsaidia maisha yake yote. La kwanza ni kupima kila kitu badala ya kukisia. La pili ni kuwasikiliza watu wanaofanya kazi kwa mikono. Aliona wachimbaji wakifa kwa hewa mbaya ya chini ya ardhi, akatengeneza taa na vifaa vya kupumulia vya kuwakinga. Akafungua pia shule ya wachimbaji kwa fedha zake mwenyewe.

Mwaka 1796 mama yake alifariki na kumwachia urithi mkubwa. Humboldt aliacha kazi. Sasa alikuwa na fedha za kufanya lile alilolitamani tangu utotoni, yaani kusafiri na kuiona dunia.

Safari ya miaka 5

Mjini Paris alikutana na daktari Mfaransa aliyebobea katika mimea, Aimé Bonpland. Wawili hao walifika Uhispania, na mfalme Carlos wa Nne akawaruhusu kuingia katika makoloni yake ya Amerika, ruhusa ambayo wageni wachache sana waliwahi kuipata. Juni 1799 walipanda meli na vifaa vyao vya kupimia joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na mengine mengi. Homa ilizuka melini, kwa hiyo badala ya kwenda moja kwa moja Cuba wakateremka Cumaná, katika pwani ya Venezuela, tarehe 16 Julai.

Safari yao iliisha Agosti 1804. Walipita misitu, nyika, mito mikubwa na milima ya Andes, kisha Mexico, Cuba na Marekani. Walirudi Ulaya na vielelezo vya mimea vipatavyo 60,000. Lakini mzigo mkubwa zaidi aliorudi nao Humboldt ulikuwa wazo: katika maumbile hakuna kitu kinachoishi peke yake.

Ziwa lililokuwa likirudi nyuma

Turudi Ziwa Valencia. Ziwa hilo limezungukwa na milima, na wakati huo halikuwa na mto wa kutoa maji yake kwenda baharini. Ziwa la namna hiyo ni kama mtungi. Maji huingia kwa mito na mvua, na hutoka kwa kugeuka mvuke juani. Yanayoingia yakilingana na yanayotoka, ziwa hukaa palepale. Yanayoingia yakipungua, ziwa hushuka.

Humboldt aliangalia mambo matatu. Kwanza, misitu ya milimani ilikuwa imekatwa ili kupata mashamba. Pili, mito ilikuwa imechepushwa kwa mifereji ili kumwagilia mashamba ya nili, pamba na miwa. Maji hayo yalitandazwa juu ya ardhi yenye joto, na mengi yakapaa kabla ya kufika ziwani. Tatu, mvua ilipokuja haikuingia tena ardhini taratibu, bali ilishuka kwa kishindo na kubeba udongo.

Hapo ndipo alipoeleza kazi ya msitu kwa njia ambayo wataalamu wa Ulaya hawakuwa wameizoea. Majani huvunja nguvu ya matone. Kivuli hupunguza ukali wa jua, hivyo udongo haukauki haraka. Mizizi na majani yaliyooza hufanya ardhi iwe kama sifongo, inayofyonza maji na kuyatoa polepole kwenye chemchemi hata wakati wa kiangazi. Majani pia hutoa mvuke unaopoza hewa. Ukiuondoa msitu, maji yaleyale yanayokuja kwa mvua hugeuka mafuriko kwa siku chache, kisha mito hukauka kwa miezi.

Huo ndio mzunguko wa maji: jua linapandisha mvuke kutoka baharini, maziwani, ardhini na kwenye majani, mvuke unapoa na kuwa mawingu, mawingu yanashusha mvua, na mvua inarudi mitoni na ardhini. Binadamu hawezi kuusimamisha mzunguko huo. Anachoweza kubadilisha ni njia ya maji na muda yanaokaa mahali.

Je, Humboldt alikuwa sahihi? Jibu lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Vita vya kudai uhuru kutoka Uhispania vilipiga bonde hilo kwa miaka mingi. Watu walikufa au wakakimbia, watumwa wakaondoka mashambani, mifereji ikaachwa, na msitu ukaanza kurudi. Mwaka 1822 mtaalamu Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alipofika, alikuta ziwa limepanda. Baadhi ya mashamba yaliyolimwa wakati wa Humboldt yalikuwa yamefunikwa na maji. Mito ilikuwa imeachiwa ifuate njia yake, na ziwa likajaa tena.

Tuongeze jambo moja ambalo wataalamu wa leo wanalisisitiza: si kila mti hutunza maji. Mikaratusi, kwa mfano, hukua haraka na kunywa maji mengi, ndiyo maana wakulima wetu hushauriwa wasiipande karibu na chemchemi. Msitu uliomvutia Humboldt ulikuwa wa miti ya asili ya aina nyingi, wenye vichaka chini yake na majani yaliyooza juu ya udongo.

Mti mmoja, wapangaji wengi

Kutoka ziwani, Humboldt na Bonpland waliingia katika nyika kavu za Llanos, kisha mto Orinoco. Huko waliona mti wa jamii ya mnazi na mvumo unaoitwa moriche. Mahali uliposimama mti huo palikuwa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Matunda yake yaliwalisha ndege na nyani. Shina lake lilizuia vumbi lililopeperushwa na upepo, udongo ukajikusanya hapo, na wadudu wakapata makazi. Watu walikula matunda yake, wakapata unga kutoka ndani ya shina, na wakasuka kamba na vitanda vya bembea kwa nyuzi za majani.

Humboldt alitambua kwamba ukiukata mti huo, unavunja nyumba ya viumbe wengi. Leo mtandao wa namna hiyo, wa mimea, wanyama, wadudu, udongo, maji na hewa vinavyotegemeana mahali fulani, tunauita mfumo ikolojia. Shamba lako lenye mwembe, nyuki, kuku, mchwa na minyoo ni mfumo ikolojia. Bwawa la kijiji nalo ni mfumo ikolojia.

Katika mto huohuo aliona pia jinsi binadamu anavyoweza kuvuna bila kumaliza, au kuvuna mpaka akamaliza. Kila mwaka kasa wa mtoni walitaga mayai kwenye fukwe za mchanga, na watu wakayachimbua ili kukamua mafuta ya kupikia na ya taa. Aliambiwa kwamba zamani wamisionari Wajesuiti waliokuwa wakisimamia eneo hilo waliweka sharti kwamba sehemu ya ufukwe isichimbwe. Baada ya wao kuondolewa, ufukwe wote ulichimbwa, na wenyeji wakaanza kuona mayai yakipungua. Wavuvi wa ziwa lolote wanaofunga uvuvi wakati wa samaki kuzaliana wanaelewa somo hilo bila kufafanuliwa.

Mlima wenye tabianchi nyingi

Juni 1802 Humboldt alifika chini ya mlima Chimborazo, katika nchi ambayo leo ni Ecuador. Wakati huo wataalamu wa Ulaya waliuhesabu kuwa mrefu kuliko yote duniani. Tarehe 23 Juni alipanda pamoja na Bonpland na Carlos Montúfar, kijana wa Quito. Wabebaji wengi waliwaacha walipofika kwenye theluji. Hewa ilikuwa nyembamba, vichwa vikawazunguka, fizi zikatoka damu, lakini kila mara Humboldt alisimama kupima. Bonde lenye kina liliwazuia kabla ya kilele. Kwa kipimo chake walikuwa wamefika karibu mita 5,900, kimo kinachokaribia kile cha Kilimanjaro.

Kilichomshangaza zaidi ni njia aliyopita. Chini kulikuwa na migomba na minazi. Juu kidogo ukaja msitu mzito, kisha miti mifupi, kisha vichaka, kisha nyasi, kisha kuvu-mwamba walioshika kwenye mawe, na mwisho theluji tupu. Aliona kwamba mimea ya sehemu za juu ilifanana na mimea ya nchi za baridi za Ulaya. Kupanda mlima mmoja wa karibu na ikweta kulikuwa kama kusafiri kutoka nchi za joto hadi nchi za barafu.

Aliyachora hayo yote katika picha moja kubwa ya mlima, akaandika majina ya mimea kila mahali ilipoota, na pembeni akaweka safu za vipimo vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Picha hiyo ilichapishwa mwaka 1807. Mtu aliyeitazama aliweza kuona kwa mara moja kwamba mmea hauoti popote. Hali ya mahali ndiyo inayouruhusu.

Nasi tunaye shahidi wetu. Anayepanda Kilimanjaro huanzia kwenye migomba na kahawa, hupita msitu, kisha vichaka vya mitamba na nyasi za baridi, kisha jangwa la mawe, hadi barafu. Kwa wastani joto hupungua karibu nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana Tanga ni joto na Lushoto ni baridi, ingawa si mbali sana.

Mwaka 1817 Humboldt alitoa ramani yenye mistari inayounganisha mahali penye wastani sawa wa joto. Mistari hiyo ilionyesha kwamba umbali kutoka ikweta hautoshi kueleza joto la mahali. Bahari, pepo na milima nayo huchangia. Hapa tutofautishe maneno mawili yanayochanganywa. Hali ya hewa ni jinsi anga ilivyo leo au wiki hii. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa wa mahali kwa miaka mingi. Mvua kuchelewa msimu mmoja ni hali ya hewa. Msimu wenyewe kuhama kwa miongo kadhaa ni suala la tabianchi.

Bahari baridi na mbolea ya ndege

Katika pwani ya Peru, Humboldt alitumbukiza kipimajoto baharini na kukuta maji ni baridi kuliko ilivyotarajiwa karibu na ikweta. Mkondo huo wa bahari baadaye ulipewa jina lake, ingawa yeye alisema wazi kwamba wavuvi wa huko waliujua zamani, naye aliupima tu. Maji baridi hayatoi mvuke mwingi, hivyo pwani hiyo ni jangwa. Lakini maji hayo hupanda na virutubisho kutoka kilindini, kwa hiyo samaki ni wengi mno.

Samaki huliwa na ndege, na kinyesi cha ndege hurundikana visiwani. Wakulima wa Peru walikuwa wakikitumia kama mbolea tangu kabla ya Wahispania kufika. Humboldt alipeleka sampuli zake Ulaya kupimwa. Hapo kuna mzunguko mwingine wa maumbile: kirutubisho kinatoka kilindini, kinaingia kwa samaki, kwa ndege, kwa udongo, kwa hindi, na kwa mtu. Mkulima anayerudisha samadi na mabaki ya mazao shambani anafunga mzunguko huohuo. Anayechoma mabaki yote anaukata.

Mkondo huo una uhusiano nasi pia. Kila baada ya miaka kadhaa maji ya upande huo wa bahari ya Pasifiki hupata joto kupita kawaida. Hali hiyo ndiyo El Niño, na mara nyingi huambatana na mvua nyingi za vuli Afrika Mashariki. Waliokuwapo mwaka 1997 wanakumbuka mafuriko yake.

Watumwa na ardhi iliyochoshwa

Nyumba aliyokaa Cumaná ilitazama uwanja ambao watumwa kutoka Afrika waliuzwa, na wanunuzi waliwafungua midomo kukagua meno. Hakusahau. Alichunguza mashamba ya Cuba na kuona kwamba mfumo uleule ulioharibu watu uliharibu pia ardhi: misitu ilifyekwa kwa ajili ya miwa, na kisiwa chenye rutuba kikalazimika kununua chakula nje. Kitabu chake kuhusu Cuba kilitoka mwaka 1826. Kilipotafsiriwa Marekani mwaka 1856, sura ya utumwa iliachwa, naye akalalamika hadharani. Mwaka 1857, kwa msukumo wake, Prussia ilipitisha sheria kwamba mtumwa yeyote akikanyaga ardhi yake ni mtu huru.

Miaka ya mwisho

Kuchapisha vitabu vyake vya safari, zaidi ya majuzuu 30, kulimaliza urithi wake. Mwaka 1827 alirudi Berlin kumtumikia mfalme ili apate riziki. Huko alitoa mihadhara ya bure iliyohudhuriwa na wanawake na mafundi, watu ambao hawakuwa na nafasi chuoni. Mwaka 1829, akitimiza miaka 60, alisafiri Urusi hadi karibu na mpaka wa China. Katika kitabu kilichotokana na safari hiyo, cha mwaka 1843, alitaja njia tatu ambazo binadamu hubadilisha tabianchi: kukata misitu, kubadilisha mwenendo wa maji, na kutoa mvuke na gesi nyingi kwenye miji ya viwanda.

Hakuwa na njia ya kujua jinsi gesi hizo zinavyofanya kazi. Hilo lilionyeshwa na wengine: Eunice Foote wa Marekani mwaka 1856, na John Tyndall huko Uingereza mwaka 1859, kwamba gesi kama hewa ya ukaa hushika joto. Mti huvuta gesi hiyo na kuihifadhi katika mbao, mizizi na udongo. Tukichoma mti, makaa ya mawe au mafuta, inarudi angani na dunia inapata joto zaidi.

Humboldt alifariki Berlin tarehe 6 Mei 1859, akiwa na umri wa miaka 89, bado akiandika kitabu chake kikubwa, Kosmos. Neno ikolojia lenyewe lilibuniwa baada yake, mwaka 1866, na Mjerumani mwenzake Ernst Haeckel.

Tunachoweza kujifunza

Humboldt hakuwa na setilaiti wala kompyuta. Alikuwa na kipimajoto, daftari na subira ya kuuliza wenyeji. Msikilizaji, njia hiyo unayo. Andika tarehe mvua inapoanza kila msimu. Weka alama kwenye jiwe kuonyesha maji ya mto yalipofika wakati wa kiangazi. Waulize wazee chemchemi zilikuwa wapi na miti gani ilisimama hapo. Baada ya miaka michache utakuwa na ushahidi wa kupeleka kwenye mkutano wa kijiji.

Na maji yakipungua, kabla ya kuamini kwamba kuna tundu chini, tupande juu kwenye chanzo tukaangalie kilichokatwa na mfereji uliochepushwa. Kilichofanywa na mikono ya watu, mikono ya watu inaweza kukirekebisha, na bonde la Aragua lilionyesha hivyo ndani ya miaka 22 tu.